Kuijua Mashine Nzima: Mwongozo wa Kuiandikia Amri Kompyuta ya Kale

Kompyuta iliyo mezani pako leo ni kazi ya maelfu ya watu, na miongoni mwao hapana hata mmoja awezaye kusema kwa insafu kwamba anaijua yote, tangu umeme upitao katika nyaya zake hadi herufi inayotokea juu ya kioo. Palikuwa na zama, wala si za mbali sana, ambapo mashine ya namna hii iliweza kuenea katika kichwa cha mtu mmoja mwenye subira. Na mashine hizo hazikufa, kwa kuwa wako watu, katika Ulaya na Marekani hasa, ambao baada ya shughuli zao za mchana hukaa usiku wakaziandikia programu kwa lugha ya asembli, si kwa ujira bali kwa mapenzi. Sanaa ya kutunga picha na muziki kwa programu fupi, ambayo ilikua katika mashine hizo, imetiwa na Finland katika orodha ya taifa ya urithi ulio hai mwaka 2020, na Ujerumani ikafanya vivyo hivyo mwaka uliofuata. Mwongozo huu nimemwandikia mtu atakaye kuingia katika uwanja huo, naye hana mtaji ila kusoma, kuhesabu na kungoja.

Shauri langu la kwanza ni kwamba uchague mashine moja, kisha ukae nayo. Aghalabu wanaoanza huonja mashine tatu au nne katika mwezi mmoja, wakatoka na majina mengi na maarifa haba. Mimi nakuchagulia Commodore 64, iliyotoka Marekani mwaka 1982, na sababu yangu ni prosesa iliyomo ndani yake. Mwaka 1975 wahandisi walioongozwa na Chuck Peddle, ambao walikuwa wameihama Motorola wakaenda katika kampuni ndogo ya MOS Technology huko Pennsylvania, walitoa prosesa iliyoitwa 6502, wakaiuza kwa dola 25 wakati ambapo za wenzao ziliuzwa kwa mamia ya dola; na bei hiyo ndiyo iliyoitoa kompyuta katika majumba ya makampuni ikaiingiza katika vyumba vya watu. Steve Wozniak aliitumia katika Apple ya kwanza, Waingereza wakaitia katika BBC Micro, na ndani ya Commodore 64 imo nduguye, iitwayo 6510, ambayo lugha yake ni ile ile. Amri zake ni 56 tu. Mtu aliyeweza kuhifadhi methali 56 ataweza kuzihifadhi hizi.

Si lazima kuinunua mashine yenyewe. Iko programu ya bure iitwayo VICE, ambayo huifanya kompyuta yako ya leo iige Commodore 64 kwa uaminifu mkubwa, mpaka katika kuhesabu mapigo ya saa yake; anza nayo. Lau bahati itakupatia mashine ya kweli, usiichomeke katika umeme kwa kile kisanduku chake cha zamani kabla hakijapimwa, kwa maana visanduku vile vikichakaa hutoa umeme wa kupita kiasi katika njia ya volti 5, na chipu za kumbukumbu huungua papo hapo. Watu wengi wamezika mashine njema kwa pupa ya saa moja.

Kabla ya kuandika amri yoyote, pata daftari na kalamu ya risasi, ukachore kumbukumbu ya mashine. Kwa mtu aliyelelewa mahali penye bao, jambo hili ni sahali kuliko linavyoonekana vitabuni. Bao letu lina mashimo 32. Mashine hii ina mashimo 65,536, yaliyopewa namba tangu 0 hadi 65535, na kila shimo hupokea kete tangu sifuri mpaka 255, wala halipokei zaidi. Shimo ndilo waliitalo baiti, na namba ya shimo ndiyo anwani yake. Kama vile katika bao shimo la nyumba halilingani na mashimo mengine japo limechongwa katika ubao ule ule, ndivyo yalivyo baadhi ya mashimo haya. Tangu 1024 hadi 2023 ni kioo chenyewe, safu 25 za herufi 40 kila moja, hata ukitia namba 1 katika shimo 1024, herufi A itatokea katika pembe ya juu kushotoni. Shimo 53280 ni rangi ya ukingo unaokizunguka kioo, na la 53281 ni rangi ya uwanja wa kati. Tangu 49152 hadi 53247 ni kiwanja kitupu cha mashimo 4,096 ambacho lugha ya BASIC, ile ambayo mashine huizungumza mara ikiwashwa, haikigusi, na hapo ndipo utakapojenga nyumba yako ya kwanza. Yachore haya kwa mkono wako, maana ramani uliyoichora mwenyewe utaikumbuka, na ile uliyoichapisha utaitafuta kila siku.

Prosesa nayo ina mikono mitatu tu, yaani rejista tatu, A na X na Y, kila moja yenye uwezo wa kushika namba moja isiyozidi 255. Rejista A ndiyo ya kujumlishia na kutolea. X na Y ni za kuhesabia na kuelekezea. Kazi yote utakayoiona ikifanywa na mashine hii, mchezo wa kuruka na kukimbia, wimbo wa sauti tatu, mchoro wa rangi 16, ni kuitwaa namba kutoka shimo moja kwa mkono mmojawapo, kuibadili kidogo, na kuitua katika shimo jingine. Hakuna hata amri ya kuzidisha. Atakaye kuzidisha hujumlisha mara nyingi, au huvitumia vipande vya namba kwa hila.

Washa sasa mashine. Itakulaki kwa rangi ya buluu, na itakuarifu kwamba ina baiti 38911 zilizo huru kwa BASIC. Andika haya, ukibonyeza kitufe cha RETURN mwisho wa kila mstari:

10 FOR I=0 TO 5:READ B:POKE 49152+I,B:NEXT
20 DATA 169,0,141,32,208,96
RUN
SYS 49152

Ukingo utageuka kuwa mweusi. Ni jambo dogo kwa macho, lakini usilipite mbio, kwa kuwa zile namba sita ni programu kamili ya lugha ya mashine, nawe umeipanda shimo kwa shimo kwa POKE, ukaiita kwa SYS, bila ya mkalimani. Namba 169 ni amri isemayo: namba inayofuata itie katika rejista A, na inayofuata ni 0, yaani rangi nyeusi. Namba 141 husema: kilichomo katika A kitue katika anwani nitakayokutajia, na anwani yenyewe imeandikwa kwa namba mbili, ile ndogo ikitangulia, 32 kisha 208, ambazo maana yake ni 208 mara 256 ujumlishe 32, jawabu 53280. Hesabu hiyo ifanye kwa kalamu, usiniamini tu. Namba 96 ni ruhusa ya kurudi ilikotoka. Ukiisahau hiyo ya mwisho, prosesa haitasimama. Itaendelea kuyasoma mashimo yaliyo mbele na kuyatii kana kwamba ni amri, na mara nyingi mashine itaduwaa mpaka uizime.

Katika asembli, amri hizo tatu huandikwa hivi: LDA #0, STA 53280, RTS. Asembli si lugha nyingine mbali na lugha ya mashine. Ni namba zile zile zilizovishwa majina mafupi ili binadamu azikumbuke. Ndiyo maana nakusihi programu zako tatu au nne za mwanzo uzigeuze kuwa namba kwa mkono, kutoka katika jedwali la amri. Kazi hiyo inachosha, lakini baada yake hutaiona tena asembli kama uganga.

Alama ya reli iliyo katika LDA #0 ni ndogo, na madhara ya kuisahau ni makubwa. Ikiwapo, maana yake ni namba sifuri yenyewe. Isipokuwapo, maana yake ni kilichomo katika shimo namba sifuri. Niliwahi kuupoteza usiku mzima kwa kosa hili. Ukingo wangu niliotaka uwe mweusi ulikuwa wa kijivu hafifu, nami nikatafuta kosa katika anwani, katika rangi, na hata katika kioo, hali kosa lilikuwa katika namba moja, 165 badala ya 169. Sababu ya kijivu niliijua siku nyingi baadaye: katika mashine hii shimo namba sifuri huwa na 47, na ukingo huitazama nusu ya chini tu ya namba hiyo, ambayo ni 15, nayo 15 ndiyo rangi ya kijivu hafifu. Hapa ndipo nilipoipenda mashine hii hasa. Kosa langu lilikuwa na jawabu timamu, lililofikika kwa kuhesabu, wala halikujificha nyuma ya kazi za watu nisiowajua.

Programu ya pili iwe na mzunguko. Badili mstari wa 10 uhesabu tangu 0 hadi 10, na mstari wa 20 uwe 162,0,169,1,157,0,4,232,208,250,96. Ukiiita kwa SYS 49152, sehemu ya juu ya kioo itajaa herufi A, safu sita nzima na herufi 16 katika safu ya saba, jumla 256. Imetendaje? Imetia sifuri katika X na 1 katika A. Kisha ikatua A katika anwani 1024 ujumlishe X. Ikaongeza X kwa moja. Na maadamu X haijawa sifuri, ikarudi nyuma. Lakini X inayoongezeka itakuwaje sifuri? Kwa sababu ya kipimo cha shimo: ikifika 255 ukaiongeza moja, hujaa ikapita, ikarudi tupu. Namba 250 iliyo karibu na mwisho ndiyo hatua za kurudi, kwa kuwa katika mahali kama hapo mashine huihesabu 250 kuwa kasoro 6, yaani hatua sita nyuma.

Tazama pia namba 208. Katika programu ya kwanza ilikuwa nusu ya anwani, na katika hii ni amri ya kurudi nyuma. Namba haina maana yake peke yake. Maana huipata kwa mahali prosesa iliposimama inapoisoma. Mwanafunzi akilifahamu hilo barabara, nusu ya njia ameimaliza.

Na mbio zake uzipime. Kila amri ina idadi yake ya mapigo ya saa, iliyoandikwa katika jedwali: ile ya kutua hapo hula mapigo 5, ya kuongeza 2, na ya kurudi 3, jumla 10 kwa kila herufi. Mashine ya Ulaya hupiga mapigo 985,248 kwa sekunde, basi herufi zote 256 huandikwa kwa muda wa kama sehemu tatu za elfu moja za sekunde. Ifanye kazi hiyo hiyo kwa BASIC, kwa FOR na POKE, uzione herufi zikijipanga moja baada ya moja mbele ya macho yako, ndipo utakapofahamu kwa nini watu wa zama zile walikubali taabu yote hii.

Baada ya hapo ni haki yako kupumzika na namba, ukatumia asembla, yaani programu ikugeuziayo majina kuwa namba. Ziko kadhaa za bure. ACME ni nyepesi na haina masharti mengi. Ndani yake waweza kuzipa anwani majina ya Kiswahili, nami nakuhimiza ufanye hivyo, maana mashine haijali lugha ya majina na wewe utaisoma kazi yako kwa wepesi baada ya mwaka:

        * = 49152
        ldx #0
rudia   lda salamu,x
        beq mwisho
        jsr 65490
        inx
        bne rudia
mwisho  rts
salamu  !text "HABARI",0

Anwani 65490 ni mlango wa kazi iliyomo tayari katika mashine, ambayo huiandika juu ya kioo herufi yoyote utakayoikabidhi katika rejista A. Sifuri ya mwisho ndiyo alama yetu ya kwamba maneno yamekwisha. Ukiipakia programu hii kwa LOAD, malizia kwa ,8,1, kwa kuwa ile 1 ndiyo inayoiamuru mashine iiweke pale pale ilipokusudiwa. Kisha andika NEW kabla ya kuendelea na BASIC, la sivyo BASIC itadhani kumbukumbu yake imejaa, ikakataa kazi. NEW haitaifuta programu yako, kwa sababu iko katika kile kiwanja kisichoguswa.

Liko jambo la hisabu ambalo huwatesa wote. Tunapojumlisha kwa mkono, ile moja inayozidi tunaibakisha kichwani ili tuiongeze katika safu inayofuata. Prosesa hii huibakisha katika bendera moja iitwayo C, na amri yake ya kujumlisha, ADC, huiongeza bendera hiyo kila mara, hata kama imebaki kutoka katika hesabu nyingine ya zamani. Basi kila unapoanza kujumlisha, ishushe kwanza kwa CLC. Na unapotoa kwa SBC, ipandishe kwanza kwa SEC. Mfano ni huu: mtu wako wa mchezo yuko katika anwani 1264, unataka ashuke safu moja, yaani nafasi 40. Anwani hiyo ni 4 na 240. Ukishusha bendera, 240 na 40 ni 280, ambayo haienei katika shimo, kwa hiyo hubaki 24 na bendera hupanda. Kisha, bila ya kuishusha, jumlisha 4 na sifuri, upate 5. Sasa una 5 na 24, yaani 1304, na mtu wako ameshuka pale pale palipostahili. Ukiona hesabu yako ni sahihi mara nyingi lakini huzidi moja mara chache, usitafute kwingine.

Nimeiweka mwisho kazi ambayo kwayo mimi nilitekwa. Kioo cha televisheni ya zamani huchorwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Katika mashine ya Ulaya ni mistari 312, kila mmoja mapigo 63, na mchoro mzima hurudiwa mara 50 kwa sekunde. Shimo 53266 hukuambia wakati wowote mstari unaochorwa sasa hivi. Basi prosesa ikilikodolea macho shimo hilo, inaweza kubadili rangi ya ukingo katikati ya uchoraji:

        * = 49152
        sei
rudia   lda 53266
        cmp #100
        bne rudia
        lda #2
        sta 53280
subiri  lda 53266
        cmp #150
        bne subiri
        lda #14
        sta 53280
        jmp rudia

Mkanda mwekundu utatanda pembeni mwa kioo. Nimechagua 100 na 150 kwa sababu: shimo lile hujaa kwa 255, na mistari ni 312, kwa hiyo namba 0 hadi 55 hupita mara mbili katika kila mchoro, na ukizitumia mkanda wako utatokea mahali usipopaalika. Amri ya SEI huzuia shughuli za ndani za mashine zisimkatize prosesa. Na kwa kuwa programu hii haina RTS, utaivunja kwa kushika RUN/STOP na kugonga RESTORE, vitufe ambavyo SEI haiwezi kuvizuia.

Tazama kwa makini ncha ya juu na ya chini ya mkanda, uone zikitetemeka. Mzunguko wa kungoja hula mapigo 9, kwa hiyo prosesa huweza kuchelewa kwa kadiri hiyo, mara kidogo mara zaidi. Tena kila mstari wa nane, katika uwanja wa herufi, chipu ya picha humnyang'anya prosesa mapigo 40 au zaidi kati ya yale 63 ili isome herufi zake. Kuutuliza mtetemo huo ni kazi ya majuma, wala sitaki kukunyima kwa kukupa jawabu. Chukua kitabu cha Sheldon Leemon kiitwacho Mapping the Commodore 64, ambacho huieleza kumbukumbu ya mashine hii anwani kwa anwani, ukae nacho na daftari lako, uhesabu mapigo ya kila amri na kuyaandika kando yake. Ncha zikitulia, fungua penye anwani 54272, ilipo chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes, uanze tena na rejista A na namba moja.